Mboga ni Nini? Uhakiki wa Lugha ya Hojaji ya Mlo katika Mafunzo ya Uzamili ya Sayansi ya Lishe: Mfano wa Lilongwe na Dzaleka, Malawi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hojaji ya uanuwai wa mlo ikiwa matini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hojaji hiyo hufundishwa katika kozi za uzamili za sayansi ya lishe na hutumika kukusanya data kutoka kwa watu ambao wengi wao hawazungumzi Kiingereza. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Skopos, makala yanachambua maneno machache ya kila siku, yaani mboga, kula, jana na unga, pamoja na majina ya maradhi ya lishe, na kuonyesha jinsi kila moja linavyoweza kubadilisha hesabu ya mlo wa mkimbizi anayeishi Dzaleka. Makala yanajenga hoja kwamba katika mafunzo ya lishe lugha ni kifaa cha kupimia, kinachohitaji kukaguliwa kama mizani inavyokaguliwa, na kwamba idara za Kiswahili zina sehemu yake ya wajibu katika kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Neno uhakiki lina matumizi mawili katika Kiswahili cha leo. Mhakiki wa fasihi huhakiki riwaya au diwani. Afisa wa vipimo huhakiki mizani ya muuza nyama sokoni ili mnunuzi asipunjwe. Makala haya yanayakutanisha matumizi hayo mawili. Matini inayohakikiwa si riwaya wala utenzi, bali ni hojaji: orodha ya maswali kuhusu chakula alichokula mtu jana, iliyotungwa kwa Kiingereza, ikatafsiriwa kwa lugha nyingi za dunia, na ambayo majibu yake hugeuzwa kuwa asilimia katika ripoti. Ikiwa mizani hii ya maneno ina kasoro, anayepunjwa ni yule aliyeulizwa.

Mtaala wa kawaida wa uzamili wa sayansi ya lishe, uwe wa Lilongwe, Morogoro, Nairobi au Kampala, hujengwa juu ya nguzo zinazofanana: biokemia ya virutubishi, epidemiolojia ya lishe, takwimu, mbinu za utafiti na tathmini ya hali ya lishe. Katika somo la tathmini mwanafunzi hujifunza njia nne za kujua hali ya lishe ya mtu, nazo ni vipimo vya mwili, vipimo vya maabara, dalili za kitabibu na taarifa za ulaji. Njia tatu za kwanza zina vifaa vinavyoonekana kwa macho, na mwanafunzi hafundishwi kuviamini bila ushahidi. Mizani hujaribiwa kwa uzito unaojulikana. Wapimaji nao hujaribiwa: kila mmoja huwapima watoto wapatao kumi mara mbili, kisha tofauti kati ya kipimo chake cha kwanza na cha pili, na kati ya vipimo vyake na vya mwalimu, hukokotolewa. Anayepotoka kupita kiasi hurudishwa mazoezini.

Njia ya nne ndiyo iliyozua makala haya. Kifaa cha taarifa za ulaji ni sentensi. Sentensi hiyo hupewa mtafsiri, kisha mtafsiri mwingine huirudisha katika Kiingereza, na ikirudi inafanana na ile ya awali huhesabiwa kuwa imepita. Makala haya yanadai kwamba jaribio hilo haliwezi kugundua makosa yaliyo makubwa zaidi, na kwamba jambo hili hudhihirika wazi pale mwanafunzi anapotoka katika chuo ambako lugha ya wenyeji ni Kichewa na kuingia katika makazi ambako lugha ya sokoni ni Kiswahili.

2.0 Muktadha: Kutoka Bunda hadi Dzaleka

Kampasi ya Bunda ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Maliasili cha Lilongwe (LUANAR) iko nje ya jiji la Lilongwe, na ndiko kunakofundishwa sayansi ya lishe ya binadamu hadi ngazi za juu. Upande mwingine wa jiji, katika Wilaya ya Dowa, takriban kilomita 50 kaskazini, kuna Dzaleka. Mahali hapo palikuwa gereza katika zama za Kamuzu Banda, na tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Pamepangwa kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000 hivi. Leo pana zaidi ya 50,000. Walio wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na Lingala vyote husikika, lakini lugha inayowaunganisha sokoni, makanisani na katika foleni za mgawo ni Kiswahili. Hata tamasha la sanaa lililoanzishwa hapo mwaka 2014 na msanii Menes la Plume lilipewa jina la Kiswahili, Tumaini.

Ni wazi basi kwamba Dzaleka ni kisiwa cha Kiswahili ndani ya nchi ya Kichewa. Ni kisiwa pia kwa maana ya kisheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 ikiweka masharti yanayobana haki ya ajira na ya kutembea nje ya kambi, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warejee Dzaleka. Methali yetu humtaka mwenyeji ampe mgeni jembe siku ya tatu; hapa mgeni wa miaka thelathini bado anasubiri jembe lake. Kwa mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi kwa uhuru, msaada wa Mpango wa Chakula Duniani (WFP) si nyongeza, bali ndio uti wa mgongo wa jikoni. Msaada huo umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni kwa uhaba wa fedha. Panapopangwa nani apunguziwe na nani asiguswe, takwimu za mlo huwa mezani. Kwa hiyo swali la jinsi takwimu hizo zinavyopatikana linahusu moja kwa moja chungu kilichoko jikoni.

Wilaya ya Dowa ina nafasi yake katika historia ya taaluma hii. Wakati wa njaa ya mwaka 2002, Dowa ilikuwa mojawapo ya mahali pa mwanzo pa kujaribu tiba ya utapiamlo mkali inayotolewa kwa mtoto akiwa nyumbani kwao badala ya kulazwa hospitalini. Mkabala huo uliungwa mkono na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007, na sasa hufundishwa duniani kote. Katika Malawi, chakula-tiba cha karanga kilichotumika katika tiba ya namna hiyo kilijulikana kwa jina la Kichewa, chiponde, ambalo akina mama walikuwa wakilitumia tangu zamani kwa karanga zilizosagwa. Jina lililokuwa jikoni lilipoingia kliniki, halikuhitaji mkalimani. Wakimbizi wa Dzaleka hawajapata bahati kama hiyo.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Makala yanaongozwa na Nadharia ya Skopos iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa mujibu wa nadharia hii, tafsiri hupimwa kwa kadiri inavyotimiza lengo lake kwa hadhira lengwa, na ufanani wa maneno na matini chanzi ni jambo la pili. Lengo la hojaji ya mlo liko wazi kuliko la matini nyingi: watu wawili waliokula chakula kilekile wapate hesabu ileile, bila kujali lugha waliyoulizwa. Tafsiri isiyotimiza lengo hilo imeshindwa hata kama kila neno lake lina kibali cha kamusi.

Matini chanzi inayochunguzwa ni hojaji ya kiwango cha chini cha uanuwai wa mlo kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, ambayo mwongozo wake ulitolewa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) mwaka 2016 na kuhuishwa mwaka 2021. Hojaji hii huvigawa vyakula katika makundi kumi: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika, jamii ya kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani kibichi, matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke aliyekula kutoka makundi matano au zaidi huhesabiwa kuwa amefikia kiwango. Kwa haki, mwongozo wenyewe unasisitiza kwamba orodha ya vyakula irekebishwe kulingana na mahali. Hoja ya makala haya ni kwamba marekebisho hayo kwa kawaida hugusa majina ya vyakula peke yake, ilhali mtego uko katika majina ya makundi, katika vitenzi na katika vielezi vya wakati.

4.0 Uchambuzi

4.1 Mboga: kundi lisilo na mpaka

Kati ya makundi kumi, matatu yana neno ambalo mtafsiri wa Kiswahili huliandika bila kusita: mboga. Mtafsiri hajakosea kamusi. Lakini katika Kiswahili kinachosemwa bara, mboga ni chochote kinachoteremshia ugali au wali. Mama akiuliza, “Leo mboga ni nini?” jibu linaweza kuwa dagaa, maharage, nyama au mchicha. Wasemaji wa pwani hulitumia zaidi neno kitoweo katika maana hiyo, hasa kwa nyama na samaki. Hata hivyo mipaka ya maneno hayo mawili huhama kutoka mji hadi mji. Ndiyo maana lugha ikabuni kirai mboga za majani kwa ajili ya kutenga kile ambacho Kiingereza hukitaja kwa neno moja.

Tutazame mlo wa siku moja wa mwanamke wa Kivu anayeishi Dzaleka. Amekula bugali wa mahindi, maharage, sombe na dagaa. Kwa vigezo vya mwongozo ana makundi manne: nafaka, jamii ya kunde, majani ya kijani kibichi, na samaki. Hakufikia kiwango. Mdadisi akifika katika kundi la tisa na kumsomea, “Je, jana ulikula mboga nyingine?”, mwanamke huyo atajibu ndiyo, kwa sababu zaidi ya sombe alikula kweli mboga nyingine: alikula dagaa na maharage. Mdadisi ataweka alama ya tano. Hakuna tonge lililoongezeka, lakini mwanamke amevuka mstari na ameingia katika orodha ya wanaokula vizuri.

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. Mwanamke mwingine amepika kwa nyanya na vitunguu vya kutosha, kiasi kinachozidi gramu 15 ambazo mwongozo umeziweka kuwa mpaka wa kuhesabiwa. Katika Kiswahili chake nyanya na vitunguu ni viungo, si mboga. Atajibu hapana, na atapoteza kundi alilolila. Mtu asidhani kwamba makosa haya mawili yatafutana. La kwanza humpata zaidi mwenye sufuria ya maharage na dagaa, la pili mwenye sufuria ya nyanya. Kati ya sufuria hizo kuna tofauti za kipato, za msimu na za asili ya mpishi.

Kichewa hutoa mlinganisho wenye manufaa. Lugha hiyo ina ndiwo kwa kila kinacholiwa na nsima, na masamba kwa majani. Mtafsiri wa Kichewa akichagua masamba, mtego hana. Matokeo yake ni kwamba utafiti unaowalinganisha wanawake wa Dzaleka na wanawake wa vijiji jirani vya Dowa, hawa wakiulizwa kwa Kichewa na wale kwa Kiswahili, unaweza kuonyesha kwamba wakimbizi wanakula vizuri kuliko wenyeji wao, ilhali tofauti yote imetoka katika neno moja. Ripoti ya namna hiyo ikisomwa na mtu anayetafuta mahali pa kupunguza bajeti, hatajua kwamba amepunguza chakula kwa sababu ya polisemia.

4.2 Kula, kunywa na kutafuna

Mtego wa pili uko katika kitenzi. Kula, katika mazungumzo ya kawaida, ni kula mlo kamili. Mtu aliyekunywa chai kwa chapati asubuhi na kutafuna karanga mchana anaweza kusema bila uongo wowote kwamba hajala tangu jana. Kunywa chai ni jina la mlo wa asubuhi, na ndani yake mnaweza kuwa na mkate, mandazi, viazi vitamu au muhogo. Supu hunywewa hata ikiwa na nyama. Embe lililookotwa njiani haliitwi chakula.

Mfano ulio mzito zaidi hapa Malawi ni uji. Unga wa uji wa lishe unaojulikana nchini kote kwa jina la Likuni Phala, uliochukua jina la Likuni, kitongoji cha Lilongwe, ni mchanganyiko wa mahindi na soya. Mwenye kikombe cha uji huo ana makundi mawili: nafaka na jamii ya kunde. Lakini uji hunywewa. Swali likisema, “Jana ulikula nini?” uji unaweza kuachwa nje, na soya ikaondoka nayo. Kozi ya tathmini ya lishe humfundisha mwanafunzi kudodosa, yaani kurudi nyuma na kuuliza tena juu ya vitafunio na vinywaji. Ni mafunzo mazuri, ila yamejengwa juu ya vitu ambavyo msemaji wa Kiingereza huvisahau. Msemaji wa Kiswahili husahau vitu vingine, kwa kuwa lugha yake imevipa vitenzi vingine.

4.3 Jana na usiku wake

Hojaji huuliza juu ya jana, mchana na usiku. Kwa mapokeo ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Vyombo vya habari, kwa kuogopa utata huo, vimezoea kusema usiku wa kuamkia leo. Hojaji haina tahadhari hiyo. Katika Dzaleka kuna safu nyingine ya utata: Kirundi na Kinyarwanda hutumia neno moja, ejo, kwa jana na kwa kesho, na Lingala hufanya hivyohivyo kwa neno lobi, njeo ya kitenzi ndiyo inayofumbua. Mkalimani anayefupisha swali kwa kutaja siku na chakula bila kitenzi ameondoa nguzo pekee iliyokuwa ikishikilia maana. Jambo hili ni dogo likilinganishwa na la mboga, lakini mlo wa jioni ndio mlo mkuu wa nyumba nyingi, na kuuhesabu mara mbili au kutouhesabu kabisa si jambo dogo.

4.4 Unga, karanga na somo la mwaka 1990

Kundi la nafaka linaonekana kuwa salama, kwa kuwa karibu kila mtu huwa nalo. Hata hivyo neno unga huficha mengi. Mtanzania hutenganisha dona na sembe; Mmalawi hutenganisha mgaiwa na ufa woyera; tofauti ni ileile, yaani unga wa punje nzima na unga uliokobolewa. Mtu wa Kivu huongeza swali la tatu, kwa sababu bugali wake huweza kuwa wa mahindi, wa muhogo, au wa mchanganyiko. Katika hesabu ya makundi kumi wote hawa wana alama moja. Katika damu zao hawako sawa, maana kukoboa huondoa sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, na muhogo una protini kidogo mno.

Anayedhani kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu na akumbuke yaliyotokea kusini mwa Malawi mwaka 1990. Kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji wapatao 286,000 waliorodheshwa wagonjwa 17,878 wa pelagra, maradhi ya ukosefu wa niasini yanayochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili. Mgawo ulikuwa na mahindi tele. Niasini ya mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili huifyonza kidogo tu; wenyeji wa Mexico waliitatua shida hiyo zamani kwa kuyapika mahindi katika maji ya chokaa, ujuzi ambao haukusafiri na mahindi yenyewe yalipokuja Afrika. Chanzo kikuu cha niasini katika mgawo wa wakimbizi hao kilikuwa karanga, na ugavi wa karanga ulikatika.

Tukio hilo linastahili kufundishwa si katika somo la vitamini peke yake, bali pia katika somo la lugha ya upimaji. Mwongozo wa makundi sita ya vyakula unaotumika Malawi huweka jamii ya kunde na karanga katika kundi moja. Kwa elimu ya umma huo ni mpango mzuri na rahisi kukumbukwa. Lakini kwa mizani ya makundi sita, kaya iliyopoteza karanga na kubaki na maharage haijapoteza chochote. Makundi ya FAO, yanayozitenga karanga, yangeuona upungufu huo. Jina la kundi ndilo linaloamua tutaona nini na hatutaona nini, na kulichagua ni kazi ya sayansi na ya lugha kwa wakati mmoja.

4.5 Majina ya maradhi

Sayansi ya lishe ina deni kwa lugha za Afrika. Neno kwashiorkor lilitoka katika Kiga cha Ghana na kuingia katika fasihi ya tiba kwa kalamu ya daktari Cicely Williams mwaka 1935. Akina mama wa Kiga walikuwa wameliweka ndani ya jina hilo wazo ambalo sayansi ililihitaji: ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa la mama kwa kuja kwa mdogo wake. Neno hilo sasa liko katika kila kitabu cha uzamili cha lishe.

Katika Kiswahili ugonjwa huohuo huitwa unyafuzi na wengine, kwashakoo na wengine. Lakini mama aliyetoka Bukavu au Walungu huenda asilitambue hata mojawapo, kwa kuwa Kivu Kusini ugonjwa huo una jina linalojulikana na wote: bwaki. Jina hilo lilizoeleka kiasi cha kuwamo katika jina la shirika la kupambana na utapiamlo mjini Bukavu. Mdadisi anayeuliza habari za unyafuzi huko Dzaleka anaweza kupata jibu la hapana kutoka kwa mama aliyemzika mtoto kwa bwaki.

Udumavu una shida ya aina nyingine. Kitakwimu ni urefu wa mtoto ulio chini ya alama hasi mbili za viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006; kwa kipimo hicho, asilimia 37 ya watoto wa Malawi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016. Lakini kudumaa, katika Kiswahili, husemwa pia juu ya akili. Mwanafunzi anayemwambia mama kwamba mtoto wake amedumaa anadhani ametoa taarifa. Mama amesikia tusi. Mama huyo hataurudisha mguu wake kwenye kituo cha kupima. Istilahi inayofaa jedwali haifai uso kwa uso, na kozi inayofundisha istilahi bila kufundisha mahali pa kuitumia imefundisha nusu.

5.0 Tafsiri Rejeshi na Mwanya Wake

Kwa nini makosa haya hayakamatwi na tafsiri rejeshi? Ni kwa sababu mtafsiri wa pili ni msomi kama wa kwanza. Akiona mboga nyingine ndani ya orodha inayofanana na orodha za lishe, ataandika neno lilelile la Kiingereza lililokuwapo mwanzo. Matini mbili zitalingana kikamilifu. Jaribio limethibitisha kwamba wasomi wawili wanaelewana. Halijamuuliza chochote mwanamke wa Dzaleka. Kwa lugha ya Skopos, tafsiri rejeshi hupima uaminifu kwa matini chanzi na kunyamaza kuhusu lengo.

Inaweza kupingwa kwamba kosa linalojirudia kwa kila aliyeulizwa haliharibu ulinganisho wa mwaka hadi mwaka. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama waulizwaji na waulizaji wangebaki walewale. Dzaleka hupokea wageni wapya kila vita inapopamba moto Kivu. Uwiano wa Wakongo na Warundi hubadilika. Mdadisi wa mwaka huu ni kijana wa Uvira na wa mwaka kesho ni Mmalawi aliyejifunza Kiswahili Dar es Salaam. Kila mabadiliko ya aina hiyo hubadilisha maana ya mboga, na grafu hupanda au kushuka bila chakula kubadilika.

6.0 Sehemu Yetu

Ingekuwa rahisi kuishia kwa kuwalaumu wanalishe. Lakini kamusi zetu nyingi za istilahi zimetungwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, zikiwa na shabaha ya darasa la sekondari la Tanzania. Zimetupa virutubishi, ukondefu na udumavu, na ni mchango wa kujivunia. Hazijatuambia kwamba kisamvu cha Morogoro ni sombe ya Kivu na chigwada ya Malawi, wala kwamba mchicha ni lengalenga kwa mmoja na bonongwe kwa mwingine. Kiswahili cha Kongo tumezoea kukitaja kama lahaja iliyopotoka, halafu tunashangaa kwamba usanifu wetu haufai pale wasemaji wake wanapokuwa na njaa.

Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, ambayo Malawi ni mwanachama wake. Makongamano yetu yamelisherehekea jambo hilo kwa haki. Hata hivyo lugha haipati hadhi kwa maazimio peke yake. Wapo katika Malawi wasemaji wengi wa Kiswahili ambao hawakungoja azimio lolote, na wanachohitaji kutoka kwetu ni maneno yatakayofanya mlo wao uhesabiwe sawasawa.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba neno mboga pekee linaweza kumvusha au kumwangusha mwanamke katika kipimo cha uanuwai wa mlo, na kwamba vitenzi, vielezi vya wakati, majina ya makundi na majina ya maradhi yana uwezo kama huo. Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, kozi ya tathmini ya lishe ipitishe wadadisi katika zoezi la usanifishaji wa maswali, kama inavyowapitisha wapimaji katika lile la vipimo. Wadadisi wawili wamuulize mtu mmoja kwa nyakati tofauti juu ya mlo uleule, na tofauti ya hesabu zao ikokotolewe na kuripotiwa pamoja na matokeo.

Pili, tafsiri ijaribiwe mbele ya chungu. Mpishi aonyeshe alichopika, mdadisi aulize maswali yake bila kukiona, kisha majibu yalinganishwe na kilichomo. Jaribio hilo halihitaji maabara.

Tatu, wasemaji wa Dzaleka washirikishwe tangu hojaji inapotungwa. Miongoni mwao wamo vijana waliosoma masomo ya ngazi ya juu kambini kupitia programu za Wajesuti, na wanazijua lugha tatu au nne. Kuwaita siku ya mwisho wawe wakalimani ni kuipoteza elimu hiyo.

Nne, tasnifu ya uzamili ya lishe itakayokusanya data kwa Kiswahili iwe na msimamizi mwenza kutoka idara ya Kiswahili, hata ikiwa idara hiyo iko nchi nyingine, na idara zetu ziukubali usimamizi huo kuwa sehemu ya kazi yake. Hojaji ya Kiswahili iliyotumika ichapishwe yote mwishoni mwa tasnifu, ili isomwe na kuhakikiwa na yeyote.

Hadi hapo, msomaji wa ripoti yoyote ya lishe kutoka kambi ya wasemaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuiamini asilimia iliyomo: mboga ilitafsiriwaje?